Panya Ambaye Hakuzaa

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini wewe ndiye uliyenikataza kupita mbele ya mkubwa bila kumwamkia. Basi naamkia tena, shikamoo Mama.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulipofariki nilikuwa naweka dole gumba. Sasa nimemaliza kisomo cha watu wazima, na mwalimu anasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wa katibu wa kijiji. Katibu amenuna. Mwache anune.

Tumehama, Mama. Tembe letu lilibomolewa, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara ya Manyoni, nyumba zinatazamana kama wanafunzi kwenye paredi. Maji yapo karibu, zahanati ipo, sikatai. Ila wewe umebaki kule mahameni. Jioni nikipepeta uwele nageuka nikuonyeshe, nakuta ukuta wa jirani.

Sasa sikia. Mjukuu wako Yunisi yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Narudia, chuo kikuu. Kijiji kizima mama wa namna hiyo ni mimi peke yangu. Amekuja likizo, nikamwuliza anasoma nini huko, akasema panya. Mtoto avuke nchi nzima kwa treni akaangalie panya, kwani kwenye paa la tembe letu hawakuwepo?

Akanieleza taratibu. Panya jike ambaye hajazaa, ukimwekea vitoto vya mwenzake anavikimbia, mwingine hata anaving'ata. Lakini akikaribia kuzaa, mwili wake wenyewe unatengeneza vitu vinavyopita kwenye damu mpaka kwenye ubongo, wao wanaviita homoni, na ubongo unageuka. Anajenga kiota kabla hajamwona mtoto. Akishazaa anakuwa jasiri, anatoka mpaka mahali pa wazi alipokuwa akipaogopa. Nikamwambia hayo hayahitaji chuo kikuu. Mimi niliyekuwa naogopa hata mbwa, nilipomzaa yeye nilimfukuza fisi mlangoni kwa mwiko wa ugali. Akacheka, "Ni homoni hizo, mama." Nikamwambia homoni hazikushika mwiko.

Halafu nikakukumbuka wewe. Nikamwuliza, na yule ambaye hakuzaa, ndiyo basi tena?

Akasema hapana. Mwache na vile vitoto siku kadhaa, usimwondolee. Mwanzo atakaa pembeni kabisa. Kisha atasogea, atavinusa. Mwisho anavikusanya, anavilamba, anavifunika kwa tumbo lake vipate joto, sawasawa na aliyezaa, ingawa maziwa hana. Kule kuwa navyo tu kunamgeuza.

Mama, niliweka ungo chini.

Maana ndivyo ulivyonisimulia. Dada yako alifariki akinizaa, wakanitia mikononi mwako, msichana ambaye hajaolewa. Wanawake kisimani wakasema, "Huyo hajui uchungu, atamsahau mtoto kama kata ya maji." Na wewe uliniambia siku za kwanza uliniogopa kama kinyonga, ukanilaza upande wa pili wa ngozi ya kulalia na kunipa mgongo. Kisha ukaanza kuamka kabla sijalia, wala hukujua kwa nini. Ukaninywesha maziwa ya mbuzi kwa kibuyu kidogo. Ulipoolewa ulikwenda kwa mumeo na mimi mgongoni, na tumbo lako halikupata mwingine.

Lakini mtu akiuliza, "Huyu wako?" ulijibu, "Wa dada." Nimeota meno, wa dada. Nimezaa watoto wangu, bado wa dada. Hata ulipokuwa unaumwa, nimekushika miguu, ulimwambia mganga wa zahanati, "Mtoto wa dada ananitunza vizuri," kwa sauti ndogo, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Wale wa kisimani uliwaamini mpaka mwisho.

Na siku ya kukuzika, walipoita watoto wa marehemu watangulie kutia udongo, pale mbele pakabaki patupu. Mimi nilikuwa nimesimama ulikonizoeza kusimama, kwenye kundi la watoto wa ndugu. Nikatia zamu yetu ilipofika.

Natamani ungekuwepo juzi, umekaa kwenye kigoda chako, umsikie Yunisi. Najua ungeziba mdomo kwa khanga, "Panya tena?", ukacheka mpaka ukohoe. Halafu ungenyamaza. Huko kunyamaza kwako ndiko ninakokutamani, Mama, kuliko hata kicheko. Ningekaa karibu nikutazame unavyoelewa.

Yunisi ananionya kwamba watu si panya, mambo yetu yana mengi zaidi, nisije nikatangaza bombani kuwa chuo kikuu kimesema. Nimeshatangaza. Bibi mmoja kati ya wale wa kisimani alikuwepo, akauliza kama sasa nakufananisha na panya. Nikamwambia ndiyo, na yeye simpati wa kumfananisha naye.

Wachungaji wanaopita huko na ng'ombe wanasema kaburi limetitia kwa mvua, linataka udongo. Uwele ukiisha kuvunwa tunakuja, mimi, mume wangu, watoto wote na ndugu wa pande zote. Nimeshawaambia utaratibu. Atakayetangulia kutia udongo ni mimi. Wengine wote watasubiri, hata Yunisi na chuo kikuu chake.

Pumzika, Mama. Usihangaike na ubaridi wa Juni, nakuja.

Mtoto wako,
Salome