Mwaka Mmoja Bila Mkono wa Ganix Harizpuru

Mwaka umetimia, Baba, tangu mkono wako wa kulia ulipotulia. Ukuta wa kanisa la Aldalurre bado una doa pale ulipozoea kupigia mpira, na Padri akija na chokaa wanakijiji humwambia apake kwingine.

Siku sita ulichunga kondoo. Ya saba, Misa ikiisha, hapakuwa na wa kukusogelea katika pelota, mchezo wetu wa kupiga mpira ukutani kwa kiganja kitupu. Mipira ulishona mwenyewe, sufu ndani na ngozi ya mbuzi nje, na ole wake aliyeikalia. Kuimba hukujua, ila kanisani sauti yako ilirindima kuliko zote.

Hatuchoki kusimulia siku ya Mateu Oihanburu, bingwa wa bonde la pili. Babu Erramun, baba yake Mama, aliweka dau fahali wake wawili wa kulimia kwamba utashinda, wala hakukuambia. Wakienda wale, shamba halilimwi. Na nani angemwoza binti yake mtu aliyemponza?

Mkiwa sare, kengele ya adhuhuri ikalia. Mchezo ukasimama, kofia zikavuliwa, watu wakaanza sala ya Malaika wa Bwana. Kiganja chako kikapoa, kikaumuka kama mkate, vidole havikunjiki.

Ndipo Mama, mchumba tu wakati huo, akaingia uwanjani mbele ya kadamnasi. Ukapiga goti, ukalaza mkono juu ya jiwe.

"Kanyaga, Gaxuxa. Usiogope."

"Wewe sikuogopi. Namwogopa Mungu, watu wako kwenye sala."

"Basi kanyaga huku unasali."

Akakanyaga kwa kisigino, midomo ikisali, mpaka uvimbe ukashuka. Mateu akacheka. "Hata hajaoa, keshakanyagwa."

"Mimi ninaye wa kunikanyaga," ukamjibu ukivaa kofia. "Wewe je?"

Hakupata pointi nyingine. Fahali walirudi nyumbani, wakalima, kisha wakavuta gari la harusi yenu. Tunajivuna, Baba, na hatuoni haya kusema hivyo.

Tangu hapo kila Jumapili ulilaza mkono sakafuni kabla hata ya supu. Mama alipanda akinung'unika kwamba wenzake huletewa maua.

Siku yako ya mwisho mkono ulivimba kwa maradhi, si kwa mpira. Ukaulaza ukingoni mwa kitanda. "Panda, Gaxuxa." Mama akavua kiatu kama kawaida yake. Kisha akaketi, akaushika kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia mpaka ulipopoa.

Unakumbukwa na mkeo Gaxuxa, wanao Betti, Kattalin na Xan, wajukuu zako, na Mateu Oihanburu, aliyeomba jina lake liandikwe hapa pamoja na ndugu. Amesema kushindwa na wewe ni undugu tosha.

Maadamu ukuta ule umesimama, Baba, hatutakusahau kamwe.