Onyo Lililoondolewa kwenye Simu

Njombe Mjini, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo nyingi. Natumaini kifua kimetulia kidogo na unapata nguvu ya kula, hata kama ni uji tu. Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio sina.

Dada Fidelia amenipigia, akaniambia watu wa kiwanda cha nguzo cha Makambako, alikokuwa anafanya kazi marehemu Alois, wamefika hapo nyumbani na unga na sukari. Anasema wamekueleza kwamba mwanao alifungua tangi kwa uzembe wake, na kwamba watarudi na karatasi uweke dole gumba. Mama, kabla hawajarudi, naomba unisikilize.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu nikashindwa kukueleza. Ofisi yetu inaandika maelekezo ya mashine, ambayo mtu akikwama anayafungua kwenye kompyuta au simu. Hatuandiki mfululizo kama barua hii. Tunaandika vipande vipande, na kila kipande tunakiwekea alama: hii ni hatua, hili ni onyo. Programu ndiyo inayovikusanya na kutengeneza kurasa. Ukiiambia iache maonyo, inayaacha yote, haiulizi.

Maelekezo ya lile tangi la kutibu nguzo, ambamo dawa inasukumwa ndani ya mti kwa presha kubwa, niliyaandika mimi. Alois alifurahi sana, akawa anawatambia wenzake kwamba dada yake ndiye anayewafundisha kazi. Niliweka onyo kwamba mlango usifunguliwe mpaka mshale wa presha urudi kwenye sifuri. Wenye kiwanda wakalalamika kwamba maonyo ni mengi, wafanyakazi wanapoteza muda kusoma. Nikiwa likizo huko nyumbani nakuuguza, bosi wangu Ebeneza akaamuru kurasa za simu zitolewe bila maonyo.

Siku ile umeme ulikatika, mashine ikasimama. Timoth, aliyekuwa naye zamu, ameniambia Alois alitoa simu akawasomea hatua kwa sauti, na kila aliyoisoma akaifanya. Hatua iliyofuata ilisema afungue mlango. Presha ilikuwa bado imo, mlango ukafyatuka ukampiga.

Baada ya mazishi Ebeneza aliniita, akanitaka nirudishe onyo kimyakimya, na nikiulizwa niseme lilikuwepo siku zote. Akasema, "Marehemu harudi, Lukresia. Sisi tuliobaki tunakula kwa ofisi hii." Nilichukua koti langu nikatoka.

Jambo ambalo hata Fidelia halijui ni hili. Alhamisi nilikwenda polisi mwenyewe, nikaeleza yote, pamoja na kwamba jina lililo chini ya ukurasa ule ni langu. Wameniambia huenda na mimi nikashtakiwa. Nimekubali.

Kwa hiyo, mama, usiweke dole gumba popote. Na wakikuambia tena kwamba mwanao alikuwa mzembe, ujue kwamba alisoma, akanifuata mimi dada yake mpaka neno la mwisho.

Nisalimie baba mdogo Yoeli na majirani wa Lupembe waliokesha nasi msibani. Mungu akushike mkono.

Ni mimi mwanao,
Lukresia