Jumapili ya Kura

Mdogo wangu Zsombor,

Huku kijijini Romania sisi wazima, na nguruwe wa Krismasi amenona kweli.

Wiki iliyopita jirani yetu Doru, yule Mromania, aliniita uani akaninong'oneza, "Shangazi, Jumapili ninyi Wahungaria msiende kupiga kura."

"Tusipopiga, nani atatusemea bungeni?" nikamjibu. Tukaenda, mimi na mume wangu.

Tuliporudi tulimkuta Doru amekaa mlangoni kwetu, shoka magotini, mdomo unavuja damu.

"Nimewafukuza Waromania wenzangu waliokuja kuwavamia," alisema. "Lakini wanasubiri matokeo, shangazi; Wahungaria mkipata viti watarudi, na mimi niko peke yangu."

Matokeo yanatangazwa leo jioni. Doru amekataa kwenda kwake. Krismasi hii baki huko Budapest, usiwalete watoto.

Akupendaye daima,
Dada yako Piroska