Jiwe Langu, Mbao ya Mama

Jumatatu, 5 Januari 2026

Kaunta imeingia! Bado haijafungwa, lakini imeingia. Qais anaiita kisiwa, kama alivyoona kwenye simu. Kisiwa! Mie naiita kaunta ya kati, basi. Upande wangu jiwe, graniti nyeusi yenye vidoadoa vya kijivu, nimwage kashata zangu za moto zigande kwa raha zake. Upande wa pili mbao ya mvule, ya mama mkwe, akandie unga. Fundi Badru wa Makorora kairanda mpaka ukipitisha kiganja hutaki kukitoa. Mashaallah! Nimeipapasa weee, mpaka Qais kasema mbona yeye sijampapasa hivyo tangu harusi. Hana haya mume wangu.

Yote haya kwa ajili ya Mama. Tangu Baba afariki anakaa peke yake Pangani. Magoti yanamsumbua, kukaa chini na sinia la unga hawezi tena. Kila tukimwomba ahamie kwetu Nguvumali, jibu ni lile lile: hawezi kukaa kwa watu kama mgeni, kazi yake kuletewa chai. Akiwa na pake pa kushikia unga, labda. Haya, pake hapa.

Alhamisi, 8 Januari

Badru na Kristofa, fundi wa jiwe, wamebishana asubuhi nzima pale mbao inapokutana na jiwe. Badru anataka kuacha mwanya, aujaze silikoni, ile gundi laini — ati mbao ikinywa maji inanenepa, inataka nafasi. Nikasema hapana! Mwanya utajaa unga, unga uite mende. Viumane! Kristofa kaniunga mkono. Badru kanitazama kidogo, kisha: haya dada, jiko ni lako.

Vimeumana, hata wembe haupiti. Weusi wa jiwe na rangi ya asali ya mbao, bega kwa bega. Nimepita pale mara ngapi sijui, sina ninachotafuta, nakwenda kutazama tu.

Jumamosi, 17 Januari

Mama kaja! Mkoba mmoja mdogo. Wa kujaribu, kasema.

Shikamoo yangu kaiitikia macho yakiwa kwenye mbao. Kaigonga kwa kifundo cha kidole. Kainusa. Kauliza nani kapima kimo, mbona imemkaa sawa. Nikamwambia tulimpima kiwiko siku tulipokwenda Pangani, alipokuwa amesimama anapepeta mchele, hakujua tu. Kauliza: na wewe mrefu? Mie nitainama, Mama. Kavua bangili, kaomba unga.

Manda za sambusa! Kakata madonge, kasukuma, kapaka mafuta, kanyunyiza unga, kapanga moja juu ya nyingine, kisha kasukuma zote kwa pamoja. Zikapita kwenye chuma cha kuokea kilichokuwa motoni, akazibandua mojamoja — nyembamba, unaona kidole upande wa pili. Zangu mie huchanika nikizitazama tu. Nilikuwa nasonga kashata pembeni yake, nikapumbaa kumwangalia mpaka sukari ikaganda ndani ya sufuria! Mama kacheka. Kacheka mpaka kashika mbao. Sijamsikia akicheka tangu msiba.

Jioni kamwambia Qais jiko hili lina adabu. Nimemsikia kwa masikio yangu. Yarabi, akae.

Ijumaa, 23 Januari

Qais! Qais! Qais!

Kachinja kuku uani, kaingia nao damu inachuruzika, kawabwaga wapi? Juu ya mbao! Nikapiga kelele. Yeye: si mbao ya kukatia nyama? Mwanaume mzima!

Mama alikuwa anatawadha. Karudi, kaona damu pale anapokandia. Hakugomba. Kasema najisi, basi, kachukua ndoo. Kamwaga maji, kasugua, kamwaga tena. Rangi iishe, harufu iishe, na moyo wake uridhike — na kwenye kutoharisha moyo wa Mama hauridhiki upesi. Maji yakaingia kila pembe, yakashuka hadi makabatini. Mie miguu imelowa, nina dekio mkononi, nacheka. Ningefuta kwa kitambaa tu asingekula tena jikoni humu, na mie nisingemlaumu. Mtu anayelisha watu awe hivyo.

Qais kanyonyoa kuku wake juani, peke yake.

Jumanne, 27 Januari

Mbao imevimba. Imebenuka katikati, imelisukuma jiwe, na jiwe limepasuka kwenye kona ya sinki, upande wangu. Ufa mwembamba, lakini kidole kikipita kinaukuta.

Mama ndiye aliyeuona kwanza. Nimemkuta amesimama pale, mkono kifuani. Kasema: nimekuvunjia jiwe lako, Rasha.

Nikamwambia si wewe Mama, ni mie! Badru alitaka mwanya nikamkatalia. Nimemwambia mbele ya Qais, nimeapa wallahi. Kanishika shavu, kasema nimelelewa vizuri. Haamini! Anadhani namstahi. Jamani, nimesema kweli tupu na naonekana nina adabu!

Hajagusa unga leo. Kakaa sebuleni mikono mapajani. Nimempelekea chai, nikajichukia njiani. Kapokea, kashukuru kama mgeni. Kisha kamwambia Qais kesho baada ya adhuhuri ampeleke kwake Pangani.

Nimempigia Badru. Hakunisimanga, Mungu amlipe. Mbao itakauka, ataipunguza, ataacha mwanya wake. Ufa Kristofa atauziba, ila utaonekana. Uonekane! Jiwe si kitu, nitalimwagia kashata hivyo hivyo. Mie namtaka yule mama.

Nimelia bafuni, maji nimeyafungulia wasisikie.

Jumatano, 28 Januari

Naandika nimeegemea friji. Haraka haraka.

Mkoba uko mlangoni. Qais yuko kwenye gari. Mama kaja kuniaga, buibui mwilini, kanikuta nakanda. Sikupanga! Wallahi sikupanga, nilitaka mikono iwe na kazi nisimlilie. Nakanda juu ya jiwe, maana mbao imepinda. Unga unanata, unateleza, unanikimbia.

Kasimama. Kauliza unga umenikosea nini.

Kasogea, kaubonyeza kwa kidole. Kasema maji mengi. Nikasema ndiyo Mama, mengi. Kautazama mlango. Kautazama unga. Kisha kapandisha mikono ya buibui, kanisukuma kwa nyonga, kasimama mahali pangu! Upande wangu, kwenye jiwe. Kiganja chake kikaufikia ule ufa. Kikatulia hapo. Nikasema Mama, nilimkatalia fundi mwanya, hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Safari hii hakunishika shavu. Kanitazama sana. Kasema: kumbe una kichwa kigumu hivyo? Nikasema ndiyo, Mama. Muulize mwanao.

Kashika unga mkavu, kaumwaga juu ya ufa, kaendelea kukanda.

Na anavyokanda! Jiwe, mbao, hata ungempa mlango angekanda. Sasa donge limefunikwa, linapumzika. Mama kakaa kwenye kiti changu, buibui jeupe kwa unga hadi viwikoni, ananiambia jiwe ni baridi, linataka mafuta kidogo zaidi. Qais anapiga honi. Anapiga tena. Mama kasema nitoke nikamwambie azime gari.

Nimemuuliza: azime kidogo, Mama, au azime kabisa?

Kasema nisimchoshe, niweke chuma motoni kwanza —