Mama Akinyi Aketi Darasani

Muhuru Bay, Jumatano

Dada Wanjiru,

Hamjambo hapo Nakuru? Huku ziwani jua linachoma tangu asubuhi, lakini mimi ni mzima.

Jana nilikuwa nikiwaonyesha watoto wa gredi ya tano namna ya kutulia na kusikiliza pumzi zao kabla ya hesabu. Mama Akinyi, muuza samaki, akaingia bila hodi.

"Mwalimu, hii ni dini gani? Nikipiga kelele nyumbani, Akinyi ananiambia nipumue polepole!"

Niliogopa. Wazazi wakilalamika, mwalimu mkuu atasimamisha kila kitu. Nikamwomba akae nasi kidogo. Akaketi kando ya bintiye, amenikazia macho. Tukaendelea kusikiliza pumzi zetu. Polepole mabega yake yakashuka, halafu machozi yakamtoka.

"Tangu baba Akinyi azame, sijawahi kukaa hivi," akasema. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mama."

Akajifuta uso kwa leso. "Basi msiache."

Leo ametuletea walimu omena ya kukaanga, vile vidagaa vya ziwani, na ugali wa mtama. Tumekula mpaka tukalamba vidole.

Nawe tangu tumzike mama hujapumzika, dadangu. Nakuombea upate hata dakika moja ya kukaa tu.

Mdogo wako akupendaye,
Njeri