Shukrani Waliyoicheka

Lumemo, Jumamosi

Kumbe hata shukrani zina ukubwa wake!

Asubuhi kwenye jumuiya, mwenyekiti alitaka kila mmoja ataje jambo analomshukuria Mungu. Mmoja akataja trekta, mwingine mwanawe aliyepata kazi Dodoma. Nami nikasimama. "Namshukuru Mungu, jana mama mkwe wangu alishika kijiko mwenyewe, akala wali."

Wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Mama Neema, taja kitu cha maana basi."

Cha maana! Tangu mkono wake upooze, miezi yote hii namlisha kama mtoto, naye analia kwa aibu. Jana alimwaga nusu ya sahani, lakini akamgeukia mume wangu: "Mwanangu, niongeze." Tulicheka wote mpaka machozi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikaa chini nikanyamaza, kana kwamba nimekosea.

Nilipomsimulia mume wangu, akang'aka, "Ungewaambia aliongezwa mara mbili!"

Kwenye sala ya jioni nimeirudia shukrani ile ile kwa sauti, na mama akaitikia amina. Mwenyekiti nitamsamehe kesho, kabla ya misa. Leo bado.