Tone Nililoliona

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Mboghoni tu wazima, ila mguu wa babu yako bado unamsumbua. Umeniuliza kwa nini kwetu tuliacha kupika sukari guru. Hili sijamwambia mtu.

Baba alikuwa fundi, lakini macho yalikuwa yanafifia. Siku hiyo, mbele ya majirani, alidondosha maji ya miwa yanayochemka kwenye kikombe cha maji baridi. Tone likaganda. Ilikuwa tayari.

"Bado," akasema.

Nikaona haya kumsahihisha. Sufuria nzima ikaungua.

"Mzee, leo umetupikia lami!" jirani akacheka.

Jioni baba akaniuliza polepole, "Wewe uliliona lile tone?"

"Hapana, baba."

Kumbe alikuwa anatafuta macho ya kumsaidia. Hakupika tena.

Nyanya yako